Kazi na Maarifa: Mpira wa Nyuma Umekwisha



Huko Lubumbashi na Kolwezi, Bukavu na Goma, hata katika vijiji vingi vilivyo kando ya barabara kuu, pikipiki ya magurudumu matatu imekuwa punda wa jamaa nyingi. Asubuhi huchukua makaa na mihogo, mchana saruji na matofali, jioni huwarudisha mama wa soko pamoja na vikapu vyao. Unga wa nyumbani, malipo ya masomo ya watoto na dawa za mgonjwa hutoka humo. Lakini kazi hiyo yote hukaa juu ya mipira miwili ya nyuma, na sehemu ya mpira inayogusa ardhi haipiti sana upana wa kiganja cha mtu. Juma hili basi tuseme habari ya mipira hiyo: jinsi ya kujua kwamba umekwisha, jinsi ya kununua mwingine, na jinsi ya kuubadilisha bila kumwumiza mtu.

Tunasema hapa habari ya ile pikipiki yenye sanduku la mizigo nyuma na mhimili mmoja unaoshika magurudumu mawili. Mwenye ile ndogo ya kuchukua abiria, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita bajaji, atapata faida vilevile, maana mambo mengi ni yaleyale.

KWA NINI WA NYUMA HUFA KWANZA

Gurudumu la mbele lina kazi ya kuonyesha njia. Ya nyuma yana kazi tatu: kuchukua karibu mzigo wote, kusukuma, na kushika ardhi wakati breki inapokanyagwa. Kila mara dereva anapoondoka kwa nguvu, kila mara anaposimama ghafula, unga kidogo wa mpira hubaki njiani. Tena barabara zetu zina mawe makali, na jua huchoma toka juu. Kwa hiyo usishangae kuona mpira wa mbele ungali mzuri, hali ya nyuma imekuwa laini kama upara.

Pikipiki hii ina hatari yake yenyewe. Gari la magurudumu manne husimama kama meza. Hii ya matatu husimama kama kigoda: mzigo ukiwa mrefu, nayo ikipinda kona kwa mbio, huelemea upande wa nje. Mpira wa upande huo ukipasuka saa hiyo, ule upande hushuka ghafula, na sanduku lote huweza kupinduka. Walioketi juu ya mifuko hawana cha kushika. Ndiyo sababu twasema kwamba mpira uliokwisha si jambo la fundi peke yake. Ni jambo la baba na mama wa nyumba, na la kila mtu anayepanda.

DALILI ZA MPIRA ULIOKWISHA

Utazame mpira asubuhi, kabla ya kutia mzigo. Zungusha gurudumu polepole, upitishe mkono juu yake.

Kwanza, mifereji. Kazi yake ni kutoa maji chini ya mpira. Mipira mingi ina vidonda vidogo vya mpira mgumu ndani ya mifereji. Uso wa mpira ukilingana navyo, umekwisha. Sheria za nchi nyingi za Ulaya haziruhusu gari dogo kutembea na mfereji usiofika milimeta 1.6. Hata pasipo askari wa kupima, mvua yetu ni ileile.

Pili, nyuzi. Ndani ya mpira mna vitambaa vya nyuzi ngumu vinavyoshika nguvu ya hewa. Ukiziona nyuzi hizo nje, hata mahali padogo kama sarafu, usitie mzigo tena.

Tatu, uvimbe na nyufa. Uvimbe wa pembeni waonyesha kwamba nyuzi za ndani zimekatika mahali pale. Nyufa nyingi ndogo zaonyesha kwamba mpira umezeeka kwa jua, hata ikiwa mifereji yake ingali mirefu.

Tena mpira ni kama barua: namna ulivyolika yakueleza habari ya pikipiki yako. Ukiwa umelika katikati tu, hewa ilikuwa nyingi mno. Ukiwa umelika kando zote mbili, hewa ilikuwa kidogo au mzigo ulipita kipimo. Ukiwa umelika upande mmoja tu, shaka ni mhimili uliopinda au beringi zilizolegea. Ukiwa na mabaka mabaka, itazame breki inayoshika vibaya. Soma barua hiyo kabla ya kutupa mpira wa zamani, kwa maana usipotengeneza sababu, mpira mpya nao utakufa kwa ugonjwa uleule.

MANENO YA KALE KWA WANAFUNZI

Wanafunzi wetu na wajue kwamba mpira wa hewa ulipata sifa yake juu ya magurudumu matatu. Mwaka 1845 Robert William Thomson, mtu wa Scotland, alikwisha pata haki ya serikali juu ya gurudumu lenye hewa, lakini kazi yake ilisahauliwa. Halafu John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alimwona mtoto wake akitikiswa juu ya baiskeli yake ndogo ya magurudumu matatu. Mwaka 1887 akaanza kujaribu bomba la mpira lililojazwa hewa, na mwaka 1888 akapata haki yake. Toka siku zile watu wa Ulaya na Marekani wakaanza kutaka mpira kwa wingi.

Na mpira huo ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka katika misitu yetu ya Kongo, katika mimea itambaayo juu ya miti, iitwayo Landolphia. Wakati wa dola la mfalme Leopold II, toka 1885 hata 1908, watu walilazimishwa kuutafuta. Kijiji kisichotimiza kipimo kiliadhibiwa: wake walifungwa kama dhamana mpaka waume walete mpira, watu walipigwa na kuuawa, na mikono ikakatwa. Mwaka 1904 mwanamke mmisionari wa Uingereza, Alice Seeley Harris, alipiga picha zilizoonyesha mambo hayo, na katika mwaka ule ule habari ya Roger Casement ilitangazwa huko London. Mwaka 1908 Ubelgiji ikaitwaa nchi kutoka mikononi mwa mfalme.

Leo mpira mwingi wa asili hutoka katika mashamba ya mti uitwao hevea, hasa huko Asia, na mwingine hutengenezwa kwa mafuta ya ardhi. Ila neno hili lisisahauliwe: kitu hiki cheusi tunachokiviringisha njiani kiliwagharimu babu zetu damu. Kisitugharimu damu tena kwa uzembe wetu.

KUNUNUA

Usiende sokoni kwa kukumbuka tu. Andika namba zilizoandikwa ubavuni mwa mpira wa zamani, na kuzilinganisha na zile za kitabu cha pikipiki au za kibao kilichopigiliwa chumani. Kwa mfano 5.00-12: namba ya kwanza ni upana wa mpira, inchi 5; ya pili ni upana wa chuma cha gurudumu toka ukingo hata ukingo, inchi 12. Bajaji nyingi hutumia 4.00-8. Mpira wa 12 haukai juu ya chuma cha 8, hata muuzaji aape namna gani. Herufi PR pamoja na namba yake zaonyesha nguvu ya mpira: 8PR huchukua mzigo kuliko 6PR ya kipimo kile kile.

Tazama tena umri. Katika mipira mingi hupatikana namba 4 ndani ya kijiduara kirefu: 2 za kwanza ni juma, 2 za mwisho ni mwaka. Kwa hiyo 2324 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2024. Mpira uliokaa miaka mingi juani mbele ya duka si mpya, ijapokuwa haujatembea hata hatua moja.

Ujihadhari na mpira wa mkono wa pili uliochongwa mifereji mipya kwa kisu. Macho huona mifereji mirefu, kumbe mchongaji ameondoa mpira mdogo uliobaki juu ya nyuzi. Tia kidole ndani, uukunje kidogo, utazame chini ya mfereji.

Mwisho, ukiweza, nunua miwili pamoja, ya kipimo kimoja na ya namna moja. Sababu ni hii. Katika pikipiki nyingi za mizigo, kati ya magurudumu ya nyuma mna sanduku la meno ya chuma liitwalo diferensheli. Huliacha gurudumu la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani wakati wa kupinda. Ukitia mpira mpya mrefu upande mmoja na mzee mfupi upande wa pili, yale meno hayapumziki hata njia ikiwa imenyoka. Pikipiki itavuta upande mmoja, na chuma kitalika upesi. Nunua pia mipira ya ndani mipya. Ule wa zamani umekwisha tanuka. Ukiutia ndani ya mpira mpya utajikunja, na mahali pa kunjo patatoboka.

KAZI YENYEWE

1. Ondoa mzigo wote. Chagua mahali sawa na pagumu. Funga breki ya mkono, kisha weka mawe au magogo mbele na nyuma ya gurudumu la mbele, na vilevile kwa lile la nyuma litakalobaki chini. Wengine hutia gia tu, wakidhani kwamba pikipiki haiwezi kwenda tena. Wanajidanganya. Gurudumu moja likiinuliwa, diferensheli huliacha lizunguke kinyume hewani, na lile la chini huweza kubingirika ijapokuwa gia imetiwa. Mawe ndiyo hushika.

2. Kabla ya kuinua, legeza kila nati kwa mzunguko mmoja tu. Gurudumu likiwa hewani litazunguka pamoja na spana, nawe utaitikisa pikipiki juu ya jeki.

3. Weka ubao mpana chini ya jeki, ili isizame udongoni. Jeki iguse mhimili karibu na springi, si lile sanduku la meno la katikati. Ukiisha kuinua, tia gogo nene chini ya mhimili. Jeki ni ya kuinua, gogo ni la kushika. Mtu asiingize mguu wala kichwa chini, na watoto wakae mbali.

4. Ondoa nati na kuzitia ndani ya sahani, zisipotee mchangani. Toa gurudumu. Tazama sasa yale usiyoyaona kila siku: je, breki ina mafuta yaliyovuja? Je, beringi inacheza? Kama ndiyo, mwite fundi kabla ya kurudisha gurudumu.

5. Toa hewa yote kwa kufungua kisindano cha ndani ya valvu. Hapa twawaomba wasomaji wasome mara mbili. Magurudumu mengine, hasa yale madogo ya bajaji, yana chuma cha vipande viwili vilivyounganishwa kwa nati. Nati hizo zisifunguliwe hata moja wakati hewa ingalimo. Hewa itakirusha kipande cha chuma kama risasi, na aliyeinama juu yake atavunjwa uso. Kwanza hewa itoke, mpira ulegee kabisa, ndipo spana ishike nati.

6. Kwa chuma cha kipande kimoja, kanyaga mpira kwa kisigino pande zote hata ukingo wake utoke mahali pake. Halafu usukume ukingo wa upande unaoelekeana na valvu uingie katika bonde la katikati ya chuma. Papo hapo upande wa valvu utalegea, nawe utaunyanyua kwa vyuma viwili bila kutumia nguvu za ng'ombe. Ikiwa wapigana na mpira, ujue kwamba ukingo haumo bondeni.

7. Sugua kutu ya chuma kwa msasa, ukipapase kwa kitambaa, uondoe kila kinachochoma. Katika mpira wa zamani tafuta msumari au mwiba uliouua, upate kujua. Paka kingo za mpira mpya maji ya sabuni. Usipake mafuta ya motokari wala petroli, maana huula mpira.

8. Tia hewa kidogo katika mpira wa ndani, uwe mviringo tu. Nyunyiza unga wa talki, uuingize, valvu ikae wima. Kama ubavuni pana mshale, ufuate upande wa mwendo. Anza kuingiza ukingo upande unaoelekeana na valvu, umalize kwenye valvu yenyewe. Ukifika hapo, isukume valvu ndani kidogo, mpira wa ndani usibanwe. Wengi hutoboa mpira mpya kwa chuma cha kunyanyulia katika hatua hii ya mwisho, kwa sababu ya haraka.

9. Jaza hewa polepole, ukisimama kando. Ubavuni mna mstari mwembamba unaozunguka. Lazima uwe sawa na chuma pande zote. Ukiwa umepotoka, toa hewa, uanze tena. Ukiwa sawa, toa hewa mara moja tena, kisha ujaze hata kipimo, ili makunjo ya ndani yajinyooshe. Fuata kipimo cha kitabu cha pikipiki. Kile kilichoandikwa ubavuni mwa mpira ni mpaka usiopitwa, si amri ya kila siku. Na usichanganye vipimo: bar 1 ni sawa na psi 14.5 hivi.

10. Rudisha gurudumu. Anza nati zote kwa vidole, upande wa mshazari uelekee chuma cha gurudumu. Kaza moja, kisha ile ya ng'ambo, si kwa kuzunguka. Shusha pikipiki, ukaze tena kwa nguvu. Baada ya kilometa 50 hivi uzikaze mara nyingine, maana hulegea kidogo zikiisha kukaa.

Katika kilometa 100 za kwanza, nenda pole. Uso wa mpira mpya huteleza, hasa njia ikiwa na maji.

FEDHA YA MPIRA

Twajua neno ambalo wengi hulijibu: «Maneno mazuri, lakini fedha iko wapi?» Neno hilo ni la haki. Mtu hakai na mpira uliokwisha kwa kupenda. Hukaa nao kwa sababu siku ileile mtoto amefukuzwa darasani, au mama yu karibu kuzaa. Lakini mpira hauishi ghafula. Huisha kila siku kidogo, na kila siku dereva hula fedha ya mpira bila kujua, akiidhani ni faida.

Fanyeni hesabu hii mezani, bwana na bibi pamoja. Tuseme mipira miwili pamoja na ya ndani hukaa miezi 8, nanyi mwafanya kazi siku 25 kwa mwezi. Hizo ni siku 200. Gawanyeni bei ya mipira kwa 200: kiasi hicho si chenu, ni cha barabara. Kila jioni kitiwe kando, katika kopo lake, na mama wa nyumba akishike, maana aketiye mbali na njia hashawishiwi upesi na mambo ya njiani. Siku mpira utakapokwisha, mpya utakuwa umekwisha lipwa.

Kadhalika mpira huokolewa kwa mambo madogo. Pima hewa asubuhi, mpira ungali baridi. Mpira wenye hewa kidogo hujikunja kila mzunguko, hupata moto, na moto huo ndio huuvunja toka ndani. Usipite mzigo ulioandikwa. Ukipata mwenye bidhaa akikusihi utie mifuko mitatu zaidi, kumbuka kwamba malipo yake ni ya leo, na mpira ni wako hata kesho.

Mpira wa zamani usichomwe, maana moshi wake ni sumu. Wala usiachwe nyuma ya nyumba ukijaa maji, usije ukawa kitalu cha mbu. Mafundi wa viatu huununua kwa kutengeneza sandali, na huko Goma watu huuvisha magurudumu ya mbao ya chukudu.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwenye pikipiki aitazame leo jioni, kabla giza halijaingia. Na ninyi mnaopanda juu ya mizigo, msione haya kuinama na kutazama mpira kabla ya kulipa. Dereva mwema hatakasirika. Na ikiwa akasirika, mmekwisha pata jibu lenu, mngojeeni mwingine.